Umeme wa Ubongo Nao Hubadilika

Leo tuzungumzie jinsi seli za ubongo zinavyopashana habari.

Wengi tulifundishwa kwamba seli moja ya neva humwaga kemikali, na jirani yake akaipokea. Ni kweli, na ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya ubongo. Lakini umeme pia huweza kupita moja kwa moja. Mwaka 1959, wanasayansi Edwin Furshpan na David Potter, wakiwa London, walilithibitisha hilo kwenye neva za kamba wa maji baridi. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, pale seli mbili zinapokaribiana mno, protini ziitwazo koneksini hutengeneza vijitundu kati yao, na chembe zenye chaji hupenya humo bila kungoja kemikali yoyote.

Kwa miaka mingi miunganiko hii ilidhaniwa haibadiliki, kama waya uliokwisha kufungwa ukutani. Dhana hiyo ilivunjwa na samaki wa dhahabu. Samaki huyu ana seli mbili kubwa, seli za Mauthner, moja kila upande wa ubongo. Kikisikika kishindo, seli hupiga mpigo wa umeme, samaki akajikunja ghafla na kuchomoka. Watafiti walipoisisimua neva ya sikio kwa mapigo ya harakaharaka, muungano wa umeme kati ya neva hiyo na seli ya Mauthner uliongezeka nguvu, na nguvu ile ikadumu hata mapigo yalipokoma.

Basi, mwaka 2011, mtafiti Julie Haas na wenzake wakaona kinyume chake kwa panya. Seli mbili za thalamasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, zilipopiga pamoja kwa dakika chache, muungano wao ulidhoofika, na haukurudi upesi. Kwangu mimi hili ndilo la ajabu zaidi: kazi ya seli zenyewe ndiyo inayopanga zitasikilizana kiasi gani.

Na wewe unayo mabadiliko kama haya machoni. Retina, utando ulio nyuma ya jicho, ni sehemu ya ubongo. Mchana, mwanga huongeza kemikali iitwayo dopamini, na dopamini hubana vijitundu kati ya seli za retina ziitwazo seli za mlalo, kila moja ikahudumia eneo dogo zaidi la picha. Usiku dopamini hupungua, na seli zinazopokea mwanga hufunguliana zaidi.

Walimu wa baiolojia mnaotusikiliza, mnapochora sinapsi, yaani miunganiko ya seli za neva, ubaoni, tafadhali wachoreeni wanafunzi aina zote mbili, ya kemikali na ya umeme, na muwaambie kwamba zote hubadilika.