Kiingereza kwa Watoto Wetu wa Sekondari
Hotuba ya waalimu wa darasa la Jumamosi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu ya fedha mmekwisha kusomewa na Mtunza Hazina. Sisi tumesimama kueleza sababu ya kazi yenyewe, maana wako wanachama waulizao, nao wana haki ya kuuliza: "Je, watoto hawa hawafundishwi Kiingereza shuleni, hata Chama kiwafanyie darasa jingine kila Jumamosi?"

Wanafundishwa. Lakini twawaomba msikilize kisa kimoja. Mvulana wa mtaa wetu, aliyekuwa Kidato cha Kwanza, alishukiwa kuwa amechukua kitabu cha mwenzake. Mwalimu akamwuliza kwa Kiingereza, "Did you not take the book?" Naye akajibu, "Yes." Akaadhibiwa, kisha akarudishwa nyumbani amlete mzazi. Mama yake alipomwuliza, "Hukukichukua?" alijibu vile vile: "Ndiyo, sikukichukua."

Hapo ndipo tulipotambua. Katika lugha yetu neno "ndiyo" huyakubali maneno ya mwulizaji: akisema hukuchukua, nawe hukuchukua, wasema ndiyo. Katika Kiingereza "yes" hufuata tendo lililotendeka, na "no" hufuata lisilotendeka. Basi mtoto alisema kweli kwa lugha moja, akahesabiwa mwongo kwa lugha nyingine. Mzee mmoja wa Halmashauri alifuatana na mama huyo hadi shuleni, na mwalimu, kwa uungwana wake, alipoelezwa aliifuta adhabu. Lakini mtoto alikaa muhula mzima asifungue kinywa darasani. Ukimya ule ndio uliolizaa darasa letu.

Tangu siku ile tumeacha kuyaita makosa ya watoto ujinga, kwa kuwa kila kosa lina mahali lilikotoka. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" huwa neno moja masikioni mwa mtoto. "Yeye" wetu ni wa mume na wa mke, ndiyo maana mwanafunzi humwita mama yake "he" bila kukusudia kumvunjia heshima. Sisi twasema "mkono" kuanzia begani hata vidoleni. Waingereza wana majina mawili. Tena majina yao hutaka kutanguliwa na "a" au "the", vineno ambavyo sisi hatunavyo.

Basi kazi yetu ni kuziweka lugha mbili kando kwa kando, tukamwonyesha mtoto mahali zinapoachana njia. Kisha huzoeza ulimi kabla ya kalamu. Wanafunzi huketi wawili wawili wakaulizana na kujibizana, na baadaye huandika barua fupi juu ya yale waliyoyasema. Katika kusahihisha twashika kosa la namna moja kwa siku moja, ili daftari lisirudi limejaa wino mwekundu na moyo wa mwenyewe ukavunjika.

Wazee wenzetu mwakikumbuka kibao alichovikwa shingoni mtoto aliyesikiwa akinena lugha ya mama yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Na Katiba ya mwaka 2010 imetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo hatukifundishi Kiingereza kama bwana wa lugha zetu, wala hatukichukii kama adui.

Hata hivyo hatuwezi kukidharau. Katika shule za sekondari masomo karibu yote, isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto aweza kujua vema jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, akapoteza alama kwa sababu hakulielewa swali. Hasara hiyo si ya somo moja. Ni ya masomo yote pamoja.

Ndugu wanachama, twawaomba mambo matatu. Kwanza, msiwacheke watoto wanapokosea. Anayechekwa leo hatasema kesho. Pili, msiwakataze lugha ya nyumbani mkidhani mwawasaidia, maana mwenye lugha moja imara hupata mahali pa kuisimamishia ya pili. Tatu, ninyi mliofanya kazi kwa Kiingereza, makarani, wauguzi na madereva wa watalii, njoni Jumamosi moja mzungumze nao. Kitabu kilicholala sandukuni nacho kileteni.

Yule mvulana sasa huja kila Jumamosi, naye ndiye wa kwanza kuinua mkono. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na tuwape watoto wetu mahali pa kuuliza pasipo hofu.