Kabla ya Kuuza Kiwanja



Mbwana Samatta alipotoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 alikuwa na miaka 18, na klabu ndiyo iliyoilipa klabu. Akafika Genk ya Ubelgiji 2016, kisha Aston Villa mwaka 2020, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Twamtaja kwa sababu wapo wazazi wanaoshawishiwa kuuza kiwanja ili mtoto wa miaka 15 apelekwe Ulaya. Sheria za FIFA hazimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, mathalani wazazi kuhamia huko kwa shughuli isiyo ya mpira. Anayeahidi kinyume cha hayo aonyeshe leseni yake ya uwakala, tena kwa maandishi.

Iko haki nyingine, nayo husahaulika mno. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Timu isiyomsajili kijana wake itadai kwa ushahidi gani? Viongozi wa walei, wasaidieni makocha kuwasajili vijana msimu huu, na nakala zihifadhiwe parokiani.