Nyumba Haivuki Mpaka

 

Nimepewa dakika chache niseme juu ya nyumba. Na wewe unayesoma haya baadaye, jihesabu umekaa hapo mstari wa mbele.

Unaijua ile nyumba. Iko mtaa wa zamani wa Tororo. Ukisimama mlangoni unaliona lile Jiwe. Mabati yameshika kutu, ua wa michongoma umenenepa, mwembe unasukuma ukuta wa jirani. Mzee aliipata enzi akifanya kazi kiwanda cha simenti. Watoto saba: watatu wana kitambulisho cha Uganda, wanne wako Busia na cha Kenya. Kwetu si ajabu. Wasamia na Wateso walikuwa wakioana kabla ya mtu kuchora huo mpaka. Na tangu kile kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe 2018, unavuka asubuhi, jioni umerudi.

Lakini nyumba haivuki. Uganda na Kenya zote mbili zinasema asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja, anakodishiwa tu, na si zaidi ya miaka 99. Kwa hiyo yule kifungua mimba wa Busia anayesema nyumba ya Tororo ni yake, aketi kwanza na wakili, tena mzee akiwa hai.

Tororo wanajua thamani ya karatasi. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, nyumba zao zilishikwa na serikali. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuzidai. Miaka imepita, watu wamezeeka ng'ambo, halafu mtu anarudi na hati mkononi! Wewe ya mzee wako iko wapi? Chini ya godoro? Panya wanaila?

Mzee akilala bila wosia, sheria ya Uganda iliyorekebishwa 2022 inagawa hivi, akiacha mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila: watoto 75 kwa mia, mjane 20, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Moja, wapendwa! Na ile nyumba waliyokuwa wakiishi haikimbiliwi kugawanywa; mjane na watoto wana haki ya kukaa. Kumtupia mama vyombo nje ni kosa la jinai. Wajomba wa matanga, mmesikia?

Na usiniambie binti ameolewa, basi. Soma Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wana haki.

Wosia si uchuro. Isaya alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake, na Hezekia akaishi miaka 15 mingine. Andika, weka sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na shahidi asiwe mmoja wa wanaorithi.

Halafu kuna ule ua. Alama za mpimaji zimefunikwa na michongoma, na wanaokumbuka zilipo ni wazee wawili tu, wako na wa jirani. Jumamosi hii nenda na panga, waketishe wote wawili chini ya mwembe, wakuonyeshe pembe zote nne, kabla mvua za Machi hazijaanza.