Hati ya Wengi

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, mkoani Manyara, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa chakula cha porini, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwaka 2016 mwanaharakati Edward Loure wa shirika la Ujamaa Community Resource Team alipewa Tuzo ya Goldman kwa kuisukuma njia hiyo. Singida jambo hili linatuhusu, maana Wahadzabe wako pia wilayani Mkalama. Pori ndilo ghala lao: asali ndani ya mbuyu, mizizi ardhini, wanyama. Hati ya mtu mmoja huweza kupotea kwa sahihi moja. Ya jamii nzima haipotei kirahisi hivyo.

Wapo wanaouliza, pori likipewa hati hiyo, mkulima wa alizeti na mfugaji waende wapi? Swali ni la haki, lakini pori lisilolimwa si pori lisilo na mwenyewe. Wengine husema karatasi haizuii ng'ombe. Peke yake haizuii, ila humpa mwenye pori pa kusimamia mbele ya baraza la ardhi. Wanaopanga matumizi ya ardhi Mkalama wawaite Wahadzabe kabla mipaka haijachorwa.