Kabla Hujamtumia Mtu Mtaji

Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo mliokuja kutuunga mkono sisi Watanzania wa hapa Reading, Uingereza, karibuni sana. Nimeombwa niseme habari za mtaji na nisirefushe, maana pilau liko tayari. Nitajitahidi.

Wengi humu ndani mna biashara Kariakoo hata kama hamjakanyaga Mtaa wa Msimbazi kwa miaka. Mdogo wako ana fremu Mtaa wa Aggrey. Shemeji yako anauza vitenge Mtaa wa Uhuru. Alikupigia akasema, "Dada, nipige tafu, kuna mzigo unashuka," ukatuma. Baadaye simu ikawa haipokelewi, na leo ukitajiwa jina lake unasema kakutapeli. Matapeli wapo, sikatai. Lakini mara nyingi pesa ile ilipotea kwa njia za kawaida kabisa za biashara, na aliyeipoteza akaogopa kukwambia.

Hebu tazameni inakokwenda pesa yenu. Soko kuu lile la Kariakoo alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa 1975, liliungua usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021. Wengi waliounguliwa hawakuwa na bima. Januari 2022 likaungua soko la Karume, jirani tu na hapo. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo wa kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 yakafungwa tena. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo jengo la ghorofa likaporomoka katikati ya Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na mali zikabaki chini ya kifusi. Wakenya msitucheke: soko lenu la Gikomba limeungua mara ngapi? Na Owino ya Kampala je?

Hayo ni ya kuonekana. Kuna hasara isiyotoa moshi. Katikati ya 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,600. Desemba ilishuka hadi karibu 2,400. Aliyelipia mzigo wa Guangzhou wakati dola iko juu, ukamfikia wakati jirani yake ameagiza kwa dola ya bei ya chini, alilazimika kuuza kwa bei ya jirani. Hakuibiwa wala hakuunguliwa, lakini mtaji umepungua.

Wakongwe wa Kariakoo wanalijua hili, na wana namna zao za kulikabili. Kontena wanachangia watu kadhaa, kila mmoja na marobota yake, ili likikwama bandarini asikwame mtu mmoja na kila alicho nacho. Mzigo haukai stoo moja. Mteja wa Lubumbashi anapewa mali kauli, yaani kwa mkopo, ndiyo, ila kwa kiwango, na hapewi nyingine kabla hajamaliza ya kwanza. Mtazameni hata winga, kijana asiye na duka, anayemshika mteja mkono barabarani, anampeleka dukani kwa mwenzie na kula cha juu. Mnamdharau, lakini siku mbaya kwake ni siku ya kulala na njaa tu. Hadaiwi na mtu. Wenye maduka wangapi wanaweza kusema hivyo?

Sasa sisi wa ughaibuni tunaharibu utaratibu huo kwa kutuma pesa kwa mkupuo. Milioni 20 zinaingia siku moja mikononi mwa kijana aliyezoea kuzungusha milioni 3. Anapanda. Analipa kilemba cha fremu kubwa, anaagiza aina moja ya bidhaa kwa sababu mwezi uliopita ilitoka sana, na wewe huku unauliza faida kila Jumapili. Unauliza faida, hukuwahi kumwuliza hasara.

Fanyeni hesabu kidogo. Milioni 20 ikipungua milioni 2, inahitaji faida ya asilimia 11 kurudi ilipokuwa. Hilo linawezekana kwa subira. Ikipungua ikawa milioni 10, inahitaji faida ya asilimia 100, na katika biashara ya jumla, ambako mtu anakula shilingi chache kwa kila kipande, hiyo ni kazi ya miaka. Kwa hiyo pigo la kuogopwa ni lile la nusu. La milioni 2 ni la kawaida, lazima litokee.

Na hapa ndipo tunapoumia. Kijana akipoteza milioni 2 anaona aibu kukwambia. Anakwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili pengo lisionekane. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Ujue wakopaji walikuwepo. Mwingine anaelekea kwenye upatu. Mnaikumbuka DECI ya 2009, watu "wakipanda mbegu" na kungoja mavuno? Mapema 2025 tukasikia tena habari za LBL na vijana waliotumbukiza pesa humo. Wa namna hii wengine hawakuingia kwa tamaa peke yake. Walikuwa wanatafuta njia ya mkato ya kurudisha pesa ya mtu. Milioni 2 zilizofichwa zinakuwa 15.

Akishindwa kabisa atakwambia ni chuma ulete, pesa inatoka yenyewe kwenye droo. Mimi chuma ulete niliyemwona ni ada ya shule, pango la nyumba na michango ya harusi, vyote vikichotwa kwenye droo hiyohiyo ya mauzo. Ukimpa mtu mtaji na humpi mshahara, atakula mtaji. Hana kingine cha kula.

Basi naomba hivi. Kabla ya kutuma, kaeni kwenye simu mkubaliane: tukipoteza kiasi hiki, tunasimama, tunazungumza, na hakuna atakayelaumiwa. Kiwe kiasi ambacho kikipotea, kodi yako ya nyumba huku inalipwa na mama kule Tandika anapata dawa. Tuma theluthi kwanza. Mzigo ukitoka, tuma tena. Mpangie posho yake ijulikane. Umwulize habari za bima ya moto, na umwambie akutumie picha ya daftari la madeni, ukurasa wenye majina ya wanaodaiwa. Mkeo au mumeo ajue kiasi chote, maana nimeona ndoa za huku zikivunjwa na kontena lililokwama kule.

Kama baada ya kupiga hesabu unaona huna hata shilingi unayoweza kuipoteza, usione haya. Mwambie ndugu yako ukweli, umtumie ya matumizi, mtaji usubiri mwakani. Mwenye swali anifuate pale mezani kwa katibu. Leo nipo mpaka ukumbi ufungwe.