Tumwache Mtoto Anywe

(Hotuba iliyotolewa kwa wahudumu wa afya wa vijiji na viongozi wa dini siku ya kufunga semina yao. Tumeifupisha kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijidudu vya magonjwa: namna vinavyoingia katika mwili wa binadamu, na namna watafiti wanavyovichunguza. Vijidudu ni vingi na muda wetu ni mfupi. Kwa hiyo nitachukua kimoja tu, ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa jina na kwa machozi, yaani kile cha kipindupindu.

Naomba nianze na tukio moja. Nilipokuwa kijana, mtoto wa jirani yetu alianza kuharisha alfajiri. Kufika saa tatu macho yalikuwa yameingia ndani. Mtoto aliomba maji. Wakubwa wakasema asipewe, maana kila akinywa anaharisha zaidi. Mimi ndiye niliyetumwa kukiondoa kikombe. Jua lilipofika utosini, mtoto alikuwa ametutoka.

Hakuna mtu pale aliyemchukia mtoto yule. Mama yake alimpenda, na majirani walikuja kwa nia njema. Tulikosa kujua jambo moja, na jambo hilo watafiti walikuwa wamekwisha kuligundua. Ndilo ninalotaka muondoke nalo leo.

Kuufuata ugonjwa njiani

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba kipindupindu kinaletwa na hewa chafu. Mwaka 1854, mjini London, daktari John Snow alichunguza familia zilizofiwa zilichota maji wapi. Aligundua kwamba vifo vilisongamana kuzunguka pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street, na baadaye akavitia alama kwenye ramani. Mpini wa pampu ile ukaondolewa. Snow hakuwa amekiona kijidudu chenyewe. Aliuliza tu maswali, nyumba kwa nyumba, kama mnavyofanya ninyi.

Kazi ya namna hiyo ilifanyika hata kwetu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Unguja na pwani yetu. Daktari mmoja aliyefanya kazi Unguja, James Christie, aliwadadisi wafanyabiashara na wasafiri wa misafara ili ajue ugonjwa ulipita wapi hadi kufika kisiwani. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876.

Kukiona chenyewe kulihitaji hadubini. Filippo Pacini wa Italia alikiona mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Robert Koch wa Ujerumani alikitafuta Misri mwaka 1883, kisha akaenda Calcutta, India. Mwaka 1884 alitangaza kwamba amekipata: kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato, na alikuwa ameweza kukiotesha peke yake bila kuchanganyika na vingine.

Namna kinavyoingia

Mtu hukimeza kijidudu hiki pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kizuizi cha kwanza ni tumbo. Tindikali ya tumboni huua vijidudu vingi sana. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa watu wazima waliokubali kujaribiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Ilihitajika idadi kubwa mno ya vijidudu ili mtu augue; lakini aliyepewa kwanza dawa ya kupunguza tindikali aliugua kwa idadi ndogo zaidi. Chakula nacho hukikinga kijidudu na tindikali. Ndiyo maana kiporo ambacho hakikupashwa moto vizuri ni hatari.

Vilivyosalimika huingia katika utumbo mwembamba. Kila kimoja kina mkia mmoja wa kuogelea. Huogelea mpaka kwenye ukuta wa utumbo, hujishikiza hapo kwa vinyuzi vyembamba, na kuzaana. Havipenyi kwenda katika damu, wala haviuli nyama ya utumbo. Je, kinachomuua mtu ni nini basi?

Swali hilo lilisumbua watu kwa miaka 75 baada ya tangazo la Koch. Aliyelijibu ni Sambhu Nath De, mtafiti wa Calcutta, mwaka 1959. Alikuza vijidudu katika maji yenye lishe, kisha akayachuja maji yale mpaka kisibaki kijidudu hata kimoja. Akachukua sungura, akafunga kipande cha utumbo wake pande zote mbili, na kuingiza ndani maji yaliyochujwa. Kipande kile kikajaa maji na kuvimba. Kwa hiyo kilichofanya kazi ni sumu iliyotolewa na vijidudu, hata vyenyewe vikiwa havipo.

Leo tunajua sumu hiyo inavyofanya kazi. Hujishikiza kwenye seli za utumbo, sehemu yake moja huingia ndani, na kuzilazimisha seli zimwage chumvi bila kukoma. Chumvi inapotoka, maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Damu hupungua maji, mapigo ya moyo hufifia, figo husimama. Bila matibabu, karibu nusu ya wagonjwa wa namna hiyo hufa. Wakitibiwa mapema na vizuri, hafi hata 1 kati ya 100.

Mlango ambao sumu haiufungi

Sasa nafika kwenye lile jambo nililowaahidi. Ukuta wa utumbo haukubomoka. Sumu imefungua bomba la kutoa maji, lakini haikufunga mlango wa kuingizia. Katika miaka ya 1960 watafiti walithibitisha kwamba sukari na chumvi huingia mwilini kwa pamoja kupitia ukuta huo, na kwamba zikiingia huvuta maji yaingie nazo. Njia hiyo hubaki wazi hata wakati wa kipindupindu. Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari walionyesha kuwa wagonjwa wanaweza kunywesha maji yenye chumvi na sukari, na mahitaji ya maji ya mshipani yakapungua sana.

Mwaka 1971 jambo hilo lilipata mtihani wake. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa katika kambi ya Bangaon, India, na kipindupindu kikaingia. Maji ya mshipani yalikuwa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari zichanganywe katika maji kwa vipimo, na ndugu wa wagonjwa wakafundishwa kunywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Baada ya hapo vifo vilishuka mpaka chini ya 4.

Ndugu zangu, kikombe nilichokiondoa mimi ndicho kikombe hicho. Ni kweli mtoto akinywa ataendelea kuharisha. Lakini yale anayokunywa yanaingia pia, na hayo ndiyo yanayomshikilia asife.

Pakiti za ORS zikiwepo, tumia hizo. Zisipokuwepo, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Onja kabla ya kumpa: yasizidi machozi kwa chumvi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na wakati mnamnywesha, safari ya kwenda kituo cha afya iwe imeanza, kwa sababu aliyelegea sana anahitaji maji ya mshipani.

Kinapotoka kwa mgonjwa

Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini kinyesi chao kina vijidudu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana choo ni cha kila mtu, hata aliye mzima.

Aidha, mwaka 2002 watafiti waliochunguza kinyesi cha wagonjwa wa Bangladesh waligundua, kwa kujaribu katika vitoto vya panya, kwamba vijidudu vilivyotoka kwa mgonjwa muda huo huo vina nguvu zaidi ya kuambukiza kuliko vile vilivyokuzwa maabara. Nguvu hiyo hupungua baada ya saa kadhaa. Hii inatueleza kwa nini ugonjwa humshika anayemuuguza, kisha anayefua shuka, kisha waliokula pamoja.

Nalisema hili kwa heshima, maana linagusa misiba yetu. Anayefariki kwa kipindupindu bado mwili wake una vijidudu. Tunapomwosha wenyewe, kisha tukanawa wote katika beseni moja na kula kutoka sinia moja, tunatoka msibani tukiwa tumebeba msiba mwingine. Viongozi wetu wa dini, ninyi mnasikilizwa kuliko sisi. Tunaomba muwaambie waumini kwamba kuwaachia wahudumu wa afya waelekeze uoshaji na mazishi hakupunguzi heshima ya marehemu. Na maji ya kunawa yamiminwe kwa jagi, pamoja na sabuni.

Nawapeni mfano mmoja wa kututia moyo. Katika maziwa na mito, vijidudu hivi hupenda kukaa juu ya wadudu wadogo sana wa majini. Watafiti wakiongozwa na Rita Colwell waliwaomba akina mama wa vijiji vya Bangladesh wachuje maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Kuchuja peke yake hakutoshi, na sisi tuendelee kuchemsha au kutia dawa ya klorini. Lakini mnaona kwamba elimu ya maabara iliishia katika kipande cha nguo ambacho kila mama anacho.

Sina zaidi. Mkifika nyumbani, mkakuta mtoto anaharisha na watu wazima wamekizuia kikombe, msiwagombeze. Waelezeni habari ya ule mlango ulio wazi. Kisha mchukue kikombe, mkae chini, mmnyweshe.