Taa za Barabarani: Tuhesabu Pia Dakika za Anayesubiri

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Nyahanga, Kahama.)



Katika barabara kuu za Marekani ziko taa zilizowekwa kwenye njia za kuingilia. Kazi yake ni kuruhusu magari kuingia moja moja, ili msafara ulioko barabarani usikwame. Taa hizo zilianza Chicago mwaka 1963. Anayengoja kando hupoteza dakika. Anayepita hupata mwendo. Je, faida hiyo yastahili gharama yake?

Mwaka 2000 wananchi wa jimbo la Minnesota walilalamikia kungojeshwa. Bunge la jimbo likaamuru taa zipatazo 430 zizimwe kwa majuma kadhaa, na wataalamu wapime. Ajali ziliongezeka kwa asilimia 26, muda wa safari katika barabara kuu ukaongezeka kwa asilimia 22, na magari yaliyopita yakapungua kwa asilimia 9. Taa zikathibitika kuwa na faida kubwa. Hata hivyo malalamiko hayakupuuzwa: utaratibu mpya uliweka mpaka, asingojeshwe mtu kwa kawaida zaidi ya dakika 4.

Ndugu zangu, malori yatokayo bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi hupita Kahama. Sisemi tununue taa hizo. Barabara yetu haikujengwa kwa namna hiyo. Lakini askari anapoinua mkono kuzuia njia ya pembeni ili msafara upite, anafanya kazi ile ile. Lori hupita. Mkulima mwenye gunia la mpunga juu ya baiskeli hungoja, na mama mwenye mtoto mgonjwa hungoja. Dakika za lori zina mwenyewe wa kuzidai. Dakika za mama haziandikwi popote, na kisichoandikwa hakimo katika mipango.

Kwa hiyo natoa rai. Kabla njia panda yoyote haijawekewa taa au tuta, pande zote mbili zipimwe: wanaopita na wanaongoja. Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mwalimu mwenye saa na daftari, akiwa mahali pa salama, aweza kuifanya asubuhi na jioni kwa juma moja. Hesabu hiyo ifikishwe Halmashauri, nasi watumishi tuwe tayari kuisoma hata ikitupinga.

Tusikatae taa kwa sababu inatuchelewesha, wala tusiisifu kwa sababu inang'ara. Tuipime.